Kufika Amalthea kwa Orbiter: mwezi usiozungukika

Amalthea ni mwezi mdogo wa Mshtarii, ulio ndani ya obiti ya Io (mmoja wa miezi minne mikubwa ya sayari hiyo), kilomita 181,366 kutoka kitovu cha sayari. Edward Emerson Barnard aliugundua mwaka 1892, na hadi leo marubani wengi wa Orbiter, programu ya kuiga safari za anga, hawaugusi. Wanaojaribu hupanga safari kama ya kwenda Mwezini: fika, funga breki, ingia obiti, shuka. Hapa mpango huo hauna kazi. Eneo ambalo Amalthea inaweza kushikilia chombo linaishia kama kilomita 130 kutoka kitovu chake. Mwezi wenyewe una umbo la kiazi, km 250 kwa 146 kwa 128, kwa hiyo ncha zake ziko km 125 kutoka kitovu. Nafasi ya kuzunguka haipo. Ichukulie Amalthea kama kituo cha anga: lingana nayo kasi kwanza, kisha isogelee.

Kuuweka mwezi kwenye programu

Fungua Sol.cfg ndani ya folda ya Config. Chini ya miezi minne mikubwa ongeza mstari mmoja, kwa namba inayofuata:

Jupiter:Moon5 = Amalthea

Kisha nakili faili la mwezi mwingine, liite Amalthea.cfg, na ubadilishe thamani hizi. Urefu ni kwa mita, pembe kwa radiani, muda kwa sekunde:

Name = Amalthea
ElReference = ParentEquator
SemiMajorAxis = 1.81366e8
Eccentricity = 0.0032
Inclination = 0.00653
Mass = 2.08e18
Size = 8.35e4
SidRotPeriod = 43116

Ukinakili faili la Io, futa mstari wa Module. Io na wenzake watatu husogezwa na moduli ya Galsat, ambayo Amalthea haiijui. Pembe zilizobaki (LongAscNode, LongPerihelion, MeanLongitude) chukua kwenye Horizons, huduma ya mtandaoni ya JPL (maabara ya NASA) inayotoa mahali pa magimba ya anga. Ukiziacha sifuri mwezi utakuwa sehemu isiyo sahihi ya obiti yake, lakini kwa mazoezi haidhuru.

SidRotPeriod ndiyo inayowakwaza watu. Mzunguko halisi wa Amalthea ni saa 11, dakika 57 na sekunde 23, yaani sekunde 43,043. Mshtarii imevimba kwenye ikweta, na uvimbe huo hufupisha mzunguko kidogo. Ukihesabu sayari kama tufe kamili unapata 43,116. Tumia namba inayolingana na obiti unayoiona ndani ya programu, ipi iwayo. Amalthea huielekezea Mshtarii upande mmoja daima. Ukikosea kwa sekunde 73, uso huo unahama zaidi ya nusu digrii kila mzunguko, na alama za kutua ulizozihifadhi zinakuwa hazina maana baada ya wiki chache.

Jambo jingine: Orbiter itakuchorea tufe lenye nusukipenyo cha km 83.5. Kiazi chenyewe hutakiona.

Kuondoka Io

Kutoka Duniani moja kwa moja, breki ya mwisho hudai badiliko la kasi la zaidi ya 11 km/s. Kutoka obiti ya Callisto, mwezi mkubwa wa mbali zaidi, hatua mbili za uhamisho hudai jumla ya 14 km/s. Anzia Io. Kwenye obiti ya km 100 juu ya Io, mchomo wa kuondoka (kuwasha injini kuu) ni takriban 2.86 km/s na breki ya kufikia ni 4.83 km/s. DeltaGlider, chombo kinachokuja na Orbiter, inamudu kwa sababu injini zake ni za kubuni. Chombo chenye roketi za kemikali za kawaida kitaishiwa mafuta njiani.

Subiri Amalthea iwe digrii 154 mbele ya Io, ukipima kutoka kitovu cha Mshtarii. Nafasi hiyo hurudi kila baada ya saa 16 na dakika 41, kwa hiyo ukiikosa usilazimishe. Choma ili utoke nyuma ya mwendo wa Io, na kwenye Transfer MFD (MFD ni skrini za vipimo ndani ya chombo) ncha ya chini ya njia yako, yaani sehemu iliyo karibu zaidi na Mshtarii, isomeke km 181,000 na ushee. Safari ni saa 12 na dakika 50.

Rekebisha mwinamo mapema kwa Align MFD. Obiti ya Amalthea imeinama digrii 0.37, pembe ndogo, lakini ukiipuuza unaweza kupita hadi km 1,180 juu au chini ya mwezi. Kurekebisha karibu na Io hugharimu chini ya 100 m/s. Ukingoja hadi ufike ni karibu mara mbili.

Breki

Chombo chenye mchapuko wa 15 m/s² huchoma kwa zaidi ya dakika tano. Anza sekunde 160 kabla ya ncha ya chini. Usiulenge mwezi, lenga sehemu iliyo km 300 nyuma yake kwenye obiti hiyo hiyo. Kasi ya muda ndani ya programu isizidi 10x. Kwa 1000x na picha 60 kwa sekunde, kila picha inakuruka km 500, na mwezi mzima unapotea kati ya picha mbili.

Obiti ya Amalthea si duara kamili. Umbali wake hupanda na kushuka km 580, na kasi ya kupanda au kushuka hufika 85 m/s. Ukijiweka kwenye duara safi, utashangaa kuona mwezi unakukimbia kuelekea juu. Weka Orbit MFD ya pili yenye REF Amalthea, na uisome kasi ya pale hadi ikaribie sifuri. Ecc (kipimo cha umbo la obiti; zaidi ya 1 maana yake huzunguki) itasoma zaidi ya 1 karibu muda wote, ni sawa.

Usiiamini otomatiki ya kugeuza chombo kabla hujajua inafuata gimba lipi. Mvuto wa Mshtarii hapa ni 3.85 m/s², wa Amalthea juu ya uso ni 0.02. Ikifuata Mshtarii, itakugeuzia upande usiofaa kabisa.

Ukibaki nyuma, teremsha obiti: kila kilomita moja chini inakusogeza mbele km 9.4 kwa mzunguko mmoja. Ukiwa na haraka, sukuma moja kwa moja kwa 50 m/s na usahihishe njiani.

Kutua

Tua upande wa mbele au wa nyuma wa mwendo, au kwenye ncha za kaskazini na kusini. Upande unaotazama Mshtarii na ule wa mgongoni hupoteza zaidi ya robo ya uzito kwa sababu ya mvuto wa sayari. Kwenye ncha halisi za kiazi karibu hakuna uzito wowote.

Injini za kuelea ziache zimezimwa: chombo cha tani 20 kina uzito wa nyutoni 400 tu, na mguso mdogo wa hover utakurusha. Tumia RCS (injini ndogo za kusogeza na kugeuza chombo) katika hali ya mstari, ukishikilia Ctrl ili msukumo uwe mdogo. Kilomita 5 juu, 10 m/s. Mita 100, 1 m/s. Ukigusa kwa 1 m/s chombo kikadunda vilevile, kitapanda mita 25 na kurudi baada ya sekunde 100. Tulia, usisukume chini kwa nguvu.

Kuondoka ni 58 m/s tu. Kurudi Io ndiko kunadai 7.7 km/s nyingine, basi kabla ya breki ya kwanza hakikisha tangi lina mafuta ya kutosha kwa hizo pia.