Malazi ya bei nafuu Istanbul kwa kikundi cha watu wazima: hesabu milango, si vitanda

Safari yangu ya kwanza kuongoza wenzangu Istanbul tulikuwa wanawake sita kutoka Dar. Fleti niliyoikodi mtandaoni iliandikwa inalaza watu sita, na kweli ililaza sita: wawili chumba hiki, wawili kile, wawili sebuleni kwenye kochi la kufunguka. Choo kimoja, na njia ya kwenda chooni inapita hapohapo sebuleni. Mkubwa wetu, mama wa miaka 58, ndiye aliyepangiwa kochi. Usiku anarukwa na wanaokwenda kujisaidia, alfajiri foleni ya udhu inaanzia miguuni pake. Siku ya tatu alifunga begi akahamia hoteli kwa hela yake, na mimi hakunisemesha vizuri mpaka tuliporudi nyumbani.

Tangu hapo nimepeleka vikundi vingine, vya matembezi na vya biashara. Utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Hesabu milango na vyoo

Watoto unaweza kuwatandikia godoro chini na asubuhi wameshasahau. Mtu mzima ana mkoromo wake, dawa zake za usiku, simu ya mume saa sita. Kabla hujafungua programu yoyote, chukua karatasi uandike nani analala na nani, nani lazima awe peke yake, nani magoti hayamruhusu kupanda ngazi. Hapo utajua mnahitaji vyumba vingapi vyenye mlango unaofungwa. Kwa vyoo, kipimo changu ni kimoja kwa watu watatu. Wanne wanaweza, kwa shida.

Bajeti muulize kila mtu pembeni. Kwenye grupu la WhatsApp wote watajibu "sawa tu, panga wewe", halafu ukitaja bei wawili wananyamaza mpaka wiki ya safari. Chukua kiwango cha aliye chini kabisa, upange kwa hicho.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kwa shughuli zenu

Sultanahmet, penye Ayasofya na Msikiti wa Buluu, pako karibu na kila kitu cha kutazama, na ukaribu huo unaulipia. Panda tramu ya T1 vituo vichache hadi Laleli au Aksaray, bei inashuka. Wafanyabiashara wa nguo watapenda Laleli kwa sababu maduka ya jumla na ofisi za kago ziko mlangoni. Ila omba chumba cha nyuma: mitaa ya mbele usiku utasikia selotepu ikivutwa, wanafunga marobota.

Kama hamna biashara, mimi nawapeleka Üsküdar, upande wa Asia. Pametulia, na treni ya Marmaray, inayopita chini ya bahari tangu 2013, inakufikisha Sirkeci, upande wa Ulaya karibu na Sultanahmet, kwa kituo kimoja tu. Jioni mnarudi kwa feri, chai mkononi.

Galata na Cihangir ni pazuri kwa picha, lakini ni milima. Mita 300 za kwenye ramani zinaweza kuwa ngazi tupu. Fungua picha za barabarani za ramani ya Google, "tembea" kutoka kituo cha tramu hadi mlangoni, utaona mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma tangazo kama mwenyeji

Waturuki huandika ukubwa wa nyumba kwa hesabu ya kujumlisha. 2+1 ni vyumba viwili vya kulala na sebule moja. 3+1 ni vitatu na sebule. 1+0 ni chumba kimoja kila kitu humohumo, hata kikiandikwa kinalaza wanne. Mkiwa sita, tafuteni 3+1 yenye bafu mbili na sebule iacheni iwe sebule.

Kisha nenda kwenye maoni ya wageni Waturuki, usiyatafsiri kwanza. Tafuta maneno haya: *rutubet* ni unyevunyevu, *gürültü* ni kelele, *asansör yok* maana yake hakuna lifti, na *bodrum kat* ni ghorofa ya chini ya ardhi. Fleti nyingi za bei ya kushangaza ziko hapo bodrum, dirisha linatazama viatu vya wapita njia. Lifti usiichukulie poa. Kwenda mnabeba begi moja moja. Kurudi kila mtu ana shangazi kaja mbili.

Hatua ya 4: Piga hesabu mpaka mwisho

Bei unayoiona kwanza inaweza kuwa ya usiku tu, bila ada. Tuseme fleti ni dola 120 kwa usiku, mnakaa siku sita: 720. Ongeza usafi 50 na ada ya huduma 100, inakuwa 870. Gawa kwa watu sita na siku sita, kila mtu ni dola 24 na senti kidogo kwa usiku, na chai hamjanywa.

Sasa hoteli ndogo yenye vyumba vya vitanda viwili kwa dola 50, pamoja na kifungua kinywa. Vyumba vitatu siku sita ni 900, yaani dola 25 kwa kichwa. Tofauti haifiki dola moja, na hapo mna milango mitatu, bafu tatu, na asubuhi kuna mayai, jibini, zeituni na mkate, shibe ya kufika mchana. Ndiyo maana kwa watu wazima chini ya wanane mimi huanza na hoteli ndogo. Fleti nairudia kukiwa na mtu anayepikiwa chakula maalumu, au mkikaa zaidi ya wiki. Uliza pia kama kodi ya malazi ya asilimia 2, iliyoanza 2023, imo ndani ya bei.

Januari na Februari bei hushuka sana. Ni baridi kweli, theluji huanguka, kwa hiyo uliza habari za kupasha joto.

Hatua ya 5: Kama ni fleti, dai namba ya kibali

Tangu Januari 1, 2024, anayekodisha nyumba kwa watalii kwa siku 100 au pungufu lazima awe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, na kibao chake kibandikwe mlangoni. Ili apate kibali, wenye fleti wote wa jengo wawe wamekubali. Wengi hawana. Faini, iliyoanzia lira 100,000 mwaka 2024, ni ya mwenye nyumba, lakini jirani akipiga simu polisi, wa kubaki nje na mabegi ni nyie. Mwenye nyumba akikwambia "ukiulizwa sema wewe ni rafiki yangu", achana naye.

Hatua ya 6: Weka nafasi na ulipe ukiwa bado nyumbani

Usisubiri kufika. Mwaka 2017 mahakama ya Uturuki iliizuia Booking.com kuuza malazi ya Uturuki kwa walio ndani ya nchi, na watu wamejikuta wako Aksaray usiku, programu haiwapi kitu. Chagua inayofutika bure, hasa kama viza bado, na majina yote yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Hoteli itataka pasipoti ya kila mmoja kwa ajili ya usajili wa polisi, usishtuke.

Kadi ya benki hakikisha imewashiwa manunuzi ya mtandaoni. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa nayo inafaa, ila angalia kikomo chake kabla. Michango ikusanywe kwanza, ndipo ubofye kulipa. Mimi niliwahi kumlipia mtu, nikamdai mpaka Ramadhani mbili zikapita.

Hatua ya 7: Mkifika

Kabla mtu hajafungua begi, fungua maji ya moto kila bafu, jaribu kila kitasa, piga video ya kila chumba. Kukiwa na kasoro andika siku hiyohiyo ndani ya programu uliyokodia, si WhatsApp. Kisha pigeni kura ya vyumba, isipokuwa mkubwa wenu. Yeye achague kwanza.