Kabla hujavaa mkia wa nguva, malizana na pumzi kwanza

Wengi wakishaona video za wadada wanaoigiza nguva wanatabasamu chini ya maji, swali la kwanza ni mkia bei gani. Mkia subiri, kinachozamisha watu haraka ni pumzi.

Chukua pale Weeki Wachee, Florida, wanaigiza unguva kwenye chemchemi tangu 1947, wanavuta hewa kwenye mpira (bomba linaloleta hewa chini ya maji) wanaendelea kucheza. Ukiangalia unaona rahisi, ila hapo kuna kanuni moja isiyo na mjadala: ukishavuta hewa ya mpira chini, usipande umebana pumzi. Mita 5 chini mgandamizo ni mara moja na nusu ya juu, kwa hiyo hiyo hewa inatanuka njia nzima ukipanda na mapafu yanaweza kuchanika, hata kwenye bwawa la kawaida. Panda taratibu ukitoa viputo. Aliyezama na pumzi aliyovuta juu tu hana shida hiyo, ndo maana waliozoea kubana pumzi wakipewa mpira wanajisahau.

Na wanaobana pumzi nao wana lao. Usiheme harakaharaka kabla ya kuzama ukidhani unajaza oksijeni, unachofanya ni kutoa kabonidayoksaidi, na hiyo ndo inayokuambia "pumua sasa". Ukiifukuza, hiyo kengele ya mwili inachelewa, oksijeni inaisha kimyakimya, unazimia bila hata kusikia dalili, mara nyingi ukiwa karibu kabisa na juu. Pumua kawaida tu, ukitoka pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na usizame peke yako hata kwenye maji ya kiunoni. Awepo mtu anayejua kuokoa, macho kwako muda wote (shemeji anayerekodi na simu hahesabiki, yeye anatafuta engo).

Sasa mkia. Wa silikoni unaweza kupita kilo 15, ukiwa nchi kavu hutembei, ubebwe na watu wawili la sivyo mgongo utakoma. Jizoeze kuuvua maji mafupi, macho umefumba, mpaka miguu ichomoke bila kufikiria. Kama unahitaji mtu akufungulie zipu, huo ni wa kupigia picha ukingoni.

Masikio yasawazishe mgandamizo mapema, kabla hayajauma, mita za mwanzo ndo mbaya zaidi. Ukiwa jukwaani huwezi kubana pua na kupuliza kila saa, so jifunze kumeza mate na kuchezesha taya. Yakigoma, panda. Una mafua? Leo huzami, bosi akinuna anune.

Baridi nayo watu wanaichukulia poa. Chemchemi ile ya Weeki Wachee ni kama nyuzi 23 mwaka mzima, mwanzoni safi tu, ila maji yanakunyonya joto haraka kuliko hewa na bikini haisaidii kitu. Ukianza kutetemeka toka. Lensi za macho acha nyumbani, klorini na vijidudu havina huruma.

Mwenzio akizimia: mtoe uso nje ya maji haraka, mwite jina, mguse shavu, mpulizie usoni. Asipopumua mpe pumzi za kuokoa hapohapo huku wengine wanaita msaada. Hata akizinduka anacheka, kwa siku hiyo hazami tena, apelekwe kwa daktari.