Kabla hujaingiza gari la spoti kwenye njia ya majaribio

Ukipata nafasi ya kukimbiza gari lako mwenyewe la spoti kwenye njia ya majaribio ya magari, usianze kuwaza nguvu za injini. Badilisha kwanza mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa: DOT 4 (aina mojawapo ya mafuta ya breki) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu 155. Kwenye safari za kila siku huwezi kugundua. Kwenye njia ya majaribio, ukishafunga breki kwa nguvu mizunguko michache, mvuke hujaa kwenye mabomba na pedali huzama kama umekanyaga sifongo. Mimi yalinikuta mwisho wa sehemu iliyonyooka. Pona yangu ilikuwa uwazi uliokuwepo mbele.

Upepo wa tairi upime tena mara tu unapotoka, tairi zikiwa bado za moto, maana hupanda. Punguza kidogo, ila usisahau kuurudisha tairi zikipoa kabla hujashika barabara ya kawaida. (Nenda na kipimo chako, vya kuazima hudanganya.)

Mzunguko wa mwisho nenda taratibu, breki usiziguse sana, hewa ipoze disiki. Ukiegesha, usivute handibreki, kwani pedi za moto zinaweza kung'ang'ania disiki. Acha gari kwenye gia, weka kizuizi kwenye gurudumu. Na nati za magurudumu? Zikague zikishapoa.