Anza na dalili, si jina la ugonjwa
Ukijiandaa na mtihani wa udaktari, usikariri ugonjwa mmoja mmoja. Mgonjwa haji na jina la ugonjwa, anakuja na malalamiko. Andika juu ya karatasi "kichwa kinauma, shingo imekakamaa", funika daftari, kisha taja mwenyewe magonjwa yanayofanana hapo. Sasa tafuta kinachoyatenganisha. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria kwa kawaida huja na homa na kuzidi makali ndani ya saa au siku chache; damu ikivuja kuzunguka ubongo, maumivu hulipuka ghafla na kufika kilele ndani ya sekunde au dakika. Mara nyingi jibu limejificha kwenye neno hilo moja, "ghafla". Karatasi irudie kesho, halafu baada ya siku tatu, bila kuchungulia.