Bakuli la magazeti, kazi nzuri ya sanaa kwa darasa la watoto wengi

Kama una watoto wengi na vifaa ni vichache anza na bakuli la magazeti, kwa kweli watoto wanalipenda na unachohitaji ni unga wa ngano, magazeti ya zamani na rangi kidogo tu. Gundi pika mwenyewe kabla ya kipindi: koroga kikombe 1 cha unga na kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe 3 vya maji yanayochemka, endelea kukoroga dakika 2 au 3 hadi iwe nzito, tia na kijiko cha chumvi isiote ukungu haraka. Iache ipoe kabisa ndo uwape.

Magazeti yachanwe kwa mkono, sio mkasi, maana ule ukingo wenye nyuzinyuzi ndo unalala vizuri, ukikata mistari inabaki inaonekana. Bakuli la plastiki livalishe mfuko wa nailoni kwanza, la sivyo kazi haitoki. Mtoto achovye kipande, akipitishe katikati ya vidole viwili kukamua gundi iliyozidi, abandike. Tabaka 3 au 4 zinatosha, halafu siku 1 au 2 za kukauka, hapo msiharakishe jamani, ndani pakiwa na unyevu rangi inabanduka.

Rangi toa nyekundu, njano, bluu na nyeupe basi, wachanganye wenyewe, ukiona mtoto anavyong'aa macho alipopata kijani chake mwenyewe hutatamani tena kuwapa ya kopo.

Brashi zikioshwa zilazwe, zikisimamishwa maji yanashuka kwenye mpini na manyoya yanang'oka.