Unahamia kijijini Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria? Jipange hivi

Toka Mwanza unapanda meli mpaka Nansio kisiwani Ukerewe, unachukua gari hadi Bugolora ndo unavuka kwenda Bwisya, hukohuko Ukara, so anza safari mapema, na chombo kikijaza sana we baki usubiri kingine, ya kivuko MV Nyerere kupinduka 2018 hatujasahau. Laifu jaketi livae, usilikalie kama mto.

Maji sasa, hapo ndo penyewe. Ya kunywa chemsha yatokote haswa. Ya kuoga usiingie ziwani miguu peku maana kichocho kinapenya kwenye ngozi tu hata hujanywa tone, vaa gambuti uchote ndoo zako, yafunike yalale siku mbili ndo uogee, watoto watakucheka kidogo ila poa tu.

Hela nayo inafuata mwezi. Giza likiwepo wavuvi wanaingia na taa zao, dagaa bwerere, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala na kijiji kizima kinakauka, kwa hiyo nunua dagaa wakati wa giza uanike, na madeni ya dukani lipa hapohapo.

Beba na sola.