Ukikutana na mashine inayotoa sanamu, anza kutazama chini

Mimi ni mmiminaji wa sufuria. Huku Katuba, Lubumbashi, nanunua pistoni na vichwa vya injini vilivyochoka, naviyeyusha kwa makala (makaa), namimina kwenye kalibu ya mchanga. Sanaa ya makumbusho sikuisomea. Anayeisoma ni binti yangu, na jioni moja alinishikisha simu yake: "Papa, angalia, halafu uniambie ni nini." Ilikuwa SCUMAK, mashine ya kutoa sanamu, kazi ya mwaka 1998 ya msanii Mmarekani Roxy Paine. Nikajibu papo hapo kwamba mashine imeharibika, inavuja. Alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni.

Basi nikarudia kuitazama siku nyingi, na namna niliyoipata ndiyo hii.

Usianze na mashine. Macho hukimbilia kile kinachocheza, na mashine inajua kucheza. Tazama chini, pale kitu kinapodondokea. SCUMAK inayeyusha plastiki ya polietilini iliyotiwa rangi, inaitema juu ya mkanda, inangoja ipoe, inatema tena juu yake. Donge likitimia, mkanda unalisogeza pembeni na jingine linaanza. Sasa jiulize: kitu hiki kikiwa cha moto kinapenda kwenda wapi? Aluminiamu yangu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ikifika hapo inakimbia kama maji. Bila kalibu sina sufuria, nina dimbwi. Polietilini huyeyuka kabla ya nyuzi 140, na haikimbii. Inajivuta kama bukari (ugali) ambayo haijakaza, inajikunja, inamlalia mwenziwe. Ile mikunjo yote unayoiona haikuchorwa na mtu wala na mashine. Ni uzito na joto vimefanya kazi yao.

Ukishaona hivyo, tafuta kalibu. Hapo nilikwama karibu wiki nzima. Niliitafuta nikaikosa, nikamwambia binti kwamba pasipo kalibu hapana fundi. Kumbe ipo, ila si ya mchanga: ni programu ya kompyuta, inayosema toa kiasi hiki, simama, toa tena. Kalibu yangu inalazimisha sufuria ya leo ifanane na ya jana, maana mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akikuta mfuniko haukai ananirudishia mzigo mbele ya watu. Kalibu ya Paine inaamuru muda na kiasi, halafu umbo inaliachia plastiki yenyewe. Ndiyo maana hakuna donge linalofanana kabisa na lililotangulia.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "sasa msanii hapo amefanya nini?", usimjibu kwa hasira. Mhesabie maamuzi. Nani aliamua iwe plastiki, si udongo? Nani alichagua rangi? Nani aliamua mashine ingoje muda gani kabla ya kuongeza tabaka? Na lile linaloniuma mimi zaidi: nani alisema donge limekwisha, sasa ni sanamu? Ninapomimina, daima kuna inayomwagika nje ya kalibu. Inaganda chini kwa umbo la ajabu, na mimi nairudisha kwenye moto bila kuitazama mara mbili. Paine ametengeneza mashine nzima kwa ajili ya kile ninachokirudisha kwenye moto.

Wengine watasema linafanana na kinyesi cha ng'ombe. Waache, kufananisha si kosa. Mimi niliona kichuguu, na Katanga vichuguu tunavijua. Ila usiishie hapo, maana aliyekwisha kusema "linafanana na" mara nyingi huacha kutazama. Weka madonge mawili ubavu kwa ubavu, utafute yalipoachana. Na kama ni video, chunga: huwa wameikimbiza, na kule kungoja plastiki ipoe, ambako ni nusu ya kazi, kumekatwa.

Usichanganye mashine zote pia. Ile ya msanii wa Uswisi Jean Tinguely, iliyowashwa New York tarehe 17 Machi 1960 katika bustani ya makumbusho ya sanaa ya MoMA, ilitengenezwa ijivunje yenyewe mbele ya watu. Hapo cha kutazama ni kifo cha mashine, hutafuti sanamu kwenye mkanda.

Halafu kuna ya kwetu Kongo. Wasanii wa kikundi cha CATPC cha Lusanga, zamani Leverville, watu wa mashamba ya michikichi, wanafinyanga sanamu kwa udongo wa mto. Sanamu zinapigwa picha za pande zote kwa kompyuta, zinatengenezewa kalibu, kisha zinamiminwa kwa chokoleti kule Uholanzi. Hapo mashine haikubuni kitu, imebeba tu umbo kuvuka bahari. Swali linageuka: malighafi imetoka wapi, na pesa inarudi wapi? Pesa ya sanamu zile imesaidia kununua tena ardhi ya Lusanga. Swali hilo liulize hata kwa SCUMAK na kwa roboti yoyote. Mota nyingi za umeme huzunguka kwa waya wa shaba, mukuba kama tunavyoiita, na shaba inachimbwa huku kwetu. Mtu wa Lubumbashi ana haki ya kuanza na hilo kabla ya kuulizwa kama sanamu ni nzuri.

Mwezi uliopita aluminiamu ilinimwagikia, ikaganda kama ulimi uliokunjwa. Binti akaichukua kabla sijaitupa motoni, akaiweka dirishani. Nimeipima: karibu kilo mbili, sufuria ndogo nzima. Nimemwomba mara tatu anirudishie.